Walipoingia Majini, Wakatoka na Jini

Dakika ya sita ya filamu kamera inazama. Turudi hapo, maana mliokuwa ukumbini mliona, na najua baadhi yenu mlipiga makofi. Kinjeketile amekwishatambaa hadi ukingoni. Wanakijiji wako nyuma yake, hakuna anayethubutu kukohoa. Hadi hapo tulikuwa na filamu. Halafu vijana wetu wa mwaka wa tatu wakaamua kumfuata ndani ya maji, na huko ndani wakatuonyesha Hongo, yule mzimu wa majini.

Wakatuonyesha! Hongo mzimamzima, macho meupe, shuka jeupe linapepea, sauti imetiwa mwangwi hadi maneno yanagongana. Mapovu yanamtoka Kinjeketile puani. Nyuma yake, ukikaza jicho, unaona vigae vya bwawa la kuogelea, vya bluu, vimenyooka kuliko vya bafuni kwangu. Sekunde 150. Nilizihesabu kwa saa nilipoiangalia mara ya pili.

Vigae nimevisamehe. Mwanafunzi hana fedha za kwenda Rufiji na kamera ya kuzama majini. Nisichosamehe ni uamuzi wenyewe, ambao ungebaki kosa hata kama wangepewa bajeti ya wizara nzima.

Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 waliyoitolea filamu hii, imejengwa juu ya jambo moja: mtu aliingia majini na hakuna aliyeona kilichompata huko. Sisi watazamaji tumeachwa ukingoni pamoja na wanakijiji. Akitoka na habari za maji ya dawa na umoja wa makabila, kila mmoja ana imani yake au shaka yake. Baadaye mwenyewe naye anaanza kujiuliza aliyesema kwa kinywa chake alikuwa nani. Kile kipande cha kwamba Mjerumani akiondoka watakuwa watoto wa Seyyid Said, yule sultani wa Zanzibar, kinamkaa kooni kama mwiba wa samaki, maana ni faida gani kumfukuza bwana huyu ili umkaribishe yule? Sasa ukishanishusha chini nikamwona Hongo kwa macho yangu, nikamsikia kwa masikio yangu, unataka nishuku nini? Tena Hongo wa filamu hii hamtaji Seyyid Said hata mara moja. Kwa hiyo Kinjeketile anapolitamka jina hilo mbele ya watu, mtazamaji makini ataona mzee anaongopa. Wamemfanya shujaa wao mwongo bila kujua, na sidhani kama kuna aliyeisoma skripti kwa sauti kabla ya kupiga picha.

Kosa hilo likazaa jingine. Simulizi za vita vya Maji Maji zilizokusanywa kwa wazee miaka ya 1960 zinasema alitoka majini nguo zake zikiwa kavu. Kavu! Katika habari yote ya Kinjeketile hakuna kitu rahisi kupiga picha kama hicho: mkono unagusa bega, unarudi bila tone. Lakini baada ya yale mapovu huwezi kumtoa mkavu, ukumbi utacheka. Basi wakamtoa amelowa chapachapa, shati limemganda kifuani, na hakuna hata mtu mmoja anayemgusa. Walikuwa na muujiza wa bure, wakautupa ili wakanunue wa kompyuta.

Najua walikoutoa. Wasomaji wangu wa zamani mtanivumilia, wimbo huu nimeuimba tangu enzi za kanda za video: filamu zetu zina uchu wa majini. Jini halitajwi bila kutokea, na halitokei bila kupakwa unga na kupigiwa kinanda. Kinanda chenyewe humu kimo, kimelala juu ya ngoma zilizopigwa vizuri kabisa. Sijui ngoma zilimkosea nani.

Atatokea wa kunikumbusha tamthilia ya Mashetani, kwamba Hussein huyohuyo alimpandisha shetani jukwaani. Alimpandisha, sikatai. Ila pale tunajua ni Juma anayecheza Shetani na Kitaru anayecheza Binadamu, vijana wawili na mchezo wao. Hussein hakutuambia kwamba shetani ndiye huyu, mkague. Hawa wetu wamemleta Hongo kama shahidi mahakamani.

Wala sisemi kitabu kisiguswe. Amandina Lihamba aliichukua hadithi ya Sembene Ousmane, Msenegali, akaifanya tamthilia ya Kiswahili, Hawala ya Fedha, mwaka 1980, wakati Sembene mwenyewe alikwishaitengenezea filamu, Mandabi, tangu 1968. Huo ndio ujasiri. Lakini Lihamba alikuwa anajua roho ya hadithi ilipo kabla ya kushika kisu. Na sisi wengine, tulipoicheza Kinjeketile shuleni, mimi nikiwa mpiganaji wa nne kutoka kushoto, mto ulikuwa shuka la bweni lililotikiswa na wasichana wawili. Mwenzetu alipita nyuma ya lile shuka akapotea. Taa ilizimwa, ikawashwa, akatoka. Usiku ule watu walikwenda chooni wawili wawili.

Mengine yako sawa: wanawake wawili wa mwanzo wanazungumza kama watu wenye njaa kweli, na aliyecheza Kitunda atafika mbali.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa wanayo tayari, wameipiga picha wenyewe. Kabla tu kamera haijazama kuna mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Anakung'uta mchanga kwenye kaniki yake, mkono unakwenda wenyewe, macho yako majini. Mkono unapunguza mwendo. Unasimama. Mchanga umebaki, ameusahau. Sekunde 3, kisha wamekata, kana kwamba walikuwa na haraka ya kwenda kuoga. Wangemwacha pale. Wangeacha jua lizame nyuma ya kichwa chake, wakaacha giza, wakarudisha mwanga yuko palepale, mtoto amelala, sauti ni ya maji peke yake. Tungezama na Kinjeketile kila mmoja kivyake, na kila mmoja angekutana na Hongo wake.

Nasikia wana wiki mbili kabla ya kukabidhi kazi kwa msahihishaji wa nje. Filamu ina dakika 22. Toeni sekunde zile 150, zinabaki dakika 19 na nusu, na hakuna atakayedai chenji. Mrudisheni yule mama ukingoni mumpige picha siku nzima ikibidi. Kisha mwiteni tena Kinjeketile, na safari hii shati lake lianikwe kwanza.