Siku Ndefu za Baharini: Kuisoma The Dragonfly Sea Njia ya Pemba

Fasihi yetu ya pwani ina bahari tele, lakini siku za baharini ni chache. Mtu anaaga bandarini, tunafungua ukurasa, keshafika. Au chombo kinazama. Hapo katikati, pale msafiri anapokuwa hana la kufanya ila kukaa, waandishi wengi hupita mbio.

Ndiyo maana The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor (2019) ilinivutia. Ayaana, msichana wa kisiwa cha Pate, analelewa na mama yake, Munira, na baba anamchagua mwenyewe: Muhidin, baharia mzee aliyerudi kwao. Baadaye Wachina wanamtambua kuwa ni mzao wa mabaharia wa Zheng He wa karne ya 15, na anapelekwa China kusoma. Haendi kwa ndege. Anapanda meli ya mizigo, na Owuor haifupishi safari hiyo.

Kwangu mimi, sehemu hiyo ndiyo bora kuliko zote. Ayaana si tena mtoto anayesengenywa na majirani, na bado hajawa "Mzao" wa kuonyeshwa kwenye sherehe. Meli inampa likizo ya kuwa mtu wa watu.

Lakini nina ugomvi nayo. Nilikuwa naisoma kwenye meli ya kwenda Mkoani, bahari imechafuka, wahudumu wanagawa mifuko ya kutapikia. Bimkubwa mmoja aliyekaa jirani akaniuliza kitabu kinasema nini. Nikamweleza.

"Huko China siku ngapi?"

"Nyingi, bibi. Ni mbali."

"Sasa mwanangu, siku zote hizo hachoki? Anashinda akifanya nini?"

Swali lake limenikaa. Kwa Owuor kila wimbi lina maana: mara historia, mara hatima, mara mahaba yanayochipua kati ya Ayaana na nahodha Lai Jin. Siku iliyo tupu, siku ya kutazama maji tu mpaka macho yachoke, sikuihisi sawasawa. Lugha yake ni tamu mno kiasi kwamba haimruhusu mtu kuchoka.

Linganisha na David Foster Wallace. Mwaka 1995 Mmarekani huyo alipanda meli ya kitalii kule Karibiani, usiku 7, kwa kazi ya jarida la Harper's. Insha yake, A Supposedly Fun Thing I'll Never Do Again, haitegemei dhoruba wala mapenzi. Inatuonyesha chakula kisichokwisha na mtu anayehudumiwa mpaka anaingiwa na huzuni. Inafanya kazi kwa sababu anaikubali siku iwe tupu.

Utasema yule ni mtalii, kuchoka kwake ni anasa. Kweli. Ila njia ya Pemba ina hesabu nyingine. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Baada ya msiba ule, anayepanda meli huku anaomba safari isiyo na la kusimulia. Sisi waandishi wa habari safari hiyo hatuiandiki. Meli iliyofika salama si habari. Basi iandikwe na fasihi: watu wamelala kwenye mikeka, mtoto analialia, mzee anavuta tasbihi, mwingine anauliza mara ya tano kama Pemba inaonekana. Kuchoka kwao ni neema, na neema hiyo ina haki ya kurasa zake.

Isomeni The Dragonfly Sea, tena msiiruke sehemu ya meli. Owuor amethubutu kukaa baharini pale wengine walipokimbilia bandarini. Ila riwaya ambayo bimkubwa yule angesomewa akasema "hii ndiyo safari yangu" bado haijanifikia mkononi. Ningependa ije kwa Kiswahili, na mwandishi wake asiwe na haraka ya kufika.