Mkasi wa Reid Miles, Jicho la Francis Wolff

Kila kinapotoka kitabu kikubwa cha picha kuhusu lebo ya Blue Note, wapenzi wa jazi hugawanyika. Kuna wanaokifungua wakanyamaza, wakapekua ukurasa mmoja baada ya mwingine bila haraka. Kuna wanaouliza kwanza kama ndani mna kitu cha kusoma, au ni pambo la kuweka mezani wageni walione. Na kuna wakusanyaji wa sahani za santuri, wenye makava halisi nyumbani, ambao hukiweka kitabu kando ya kava na kulinganisha: buluu hii siyo ile, nyekundu imefifia, picha imebanwa. Nimewasikiliza wote kwa hamu, maana mimi mwenyewe nayapenda makava haya kupita kiasi. Na hata wanapopingana naona kwamba wote wanashughulika na ufundi mmoja, ufundi wa kutengeneza kava la santuri, ambao unastahili sifa kubwa kuliko unazopewa.

Vitabu ninavyovisema ni viwili hasa. Cha kwanza kilitoka mwaka 1991, kimeandaliwa na Graham Marsh, Felix Cromey na Glyn Callingham. Hicho karibu chote ni makava, na maneno yake ni machache. Cha pili ni “Blue Note: Uncompromising Expression” cha Richard Havers, kilichotoka mwaka 2014 lebo ilipotimiza miaka 75. Hiki kina historia, nyaraka, picha za studio, na kurasa za picha ndogo ndogo zilizochapwa moja kwa moja kutoka kwenye mkanda wa kamera, zilizochaguliwa na zilizoachwa zikiwa pamoja. Msomaji aliyelelewa na Morogoro Jazz au Western Jazz ajue kwamba jazi inayozungumzwa hapa ni ile ya New York: watu watano au sita, saksafoni na tarumbeta mbele, piano, besi na ngoma nyuma, na kila mmoja akipewa nafasi ya kusema lake.

Blue Note ilianza mwaka 1939. Alfred Lion, mzaliwa wa Berlin, alikuwa amekwenda kwenye onyesho katika ukumbi wa Carnegie Hall mwezi Desemba 1938, akawasikia wapiga piano Albert Ammons na Meade Lux Lewis, na tarehe 6 Januari akawaingiza studio. Max Margulis alimsaidia mtaji. Baadaye mwaka huo huo rafiki yake wa utotoni, Francis Wolff, mpiga picha aliyesomea kazi yake Berlin, aliikimbia Ujerumani ya Hitler akamfuata. Wote wawili walikuwa Wayahudi. Wolff alishika hesabu, barua na mikataba ya lebo, na siku za kurekodi alishika kamera.

Kwenye picha hizo za studio ndipo kitabu cha Havers kinapopata thamani yake. Miaka mingi ya 1950 studio yenyewe ilikuwa sebule ya wazazi wa Rudy Van Gelder, fundi aliyerekodi, katika mji wa Hackensack, New Jersey. Van Gelder alikuwa mpima macho kwa kazi yake ya mchana. Aliyemfikisha kwa Lion alikuwa Gil Mellé, mpiga saksafoni ambaye pia alichora makava kadhaa ya Blue Note. Katika sebule hiyo Wolff alizunguka kimya kimya, kamera mkono mmoja, taa ameiinua kwa mkono mwingine. Mwanga ukawa unatoka ubavuni. Ndiyo maana katika picha zake uso unajitokeza kwenye giza, shavu moja linang’aa, jasho linaonekana, na nyuma hakuna kitu. Hakumwomba mtu atabasamu wala ageuke. Mpiga tarumbeta amefumba macho akisikiliza mwenzake. Mpiga ngoma anainama kusoma karatasi. Moshi wa sigara unapanda. Lion alikuwa akiwalipa wanamuziki siku za mazoezi kabla ya siku ya kurekodi, jambo ambalo lebo nyingi ndogo hazikulifanya, na mimi nasadiki kwamba utulivu unaoonekana kwenye nyuso hizo unatokana kwa sehemu na fedha hizo. Mtu aliyejiandaa hana woga wa kamera.

Ukizitazama picha zote za mkanda mmoja kwa pamoja, unamwona Wolff akitafuta. Anasogea, anakosa, anarudi, anasubiri. Kisha inakuja moja ambayo hata mtu asiyejua lolote kuhusu upigaji picha ataiona kuwa ndiyo. Wale wanaosema kitabu cha picha hakifundishi kitu waziangalie kurasa hizo kwa saa nzima.

Lakini picha nzuri siyo kava. Ili iwe kava inahitaji mtu wa kuikata, kuitia rangi na kuipangia herufi, na mtu huyo kwa Blue Note, kuanzia mwaka 1956 hadi 1967, alikuwa Reid Miles. Alizaliwa Chicago mwaka 1927, akasomea sanaa Los Angeles, akafika New York na kufanya kazi katika jarida la Esquire. Kwa Blue Note alitengeneza makava karibu 500, na malipo yalikuwa kama dola 50 kwa kava moja. Wino ulikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi alipewa picha isiyo na rangi na ruhusa ya rangi moja au mbili tu. Na jambo linalowashangaza wengi ni kwamba hakuwa mpenzi wa jazi. Alipenda muziki wa klasiki wa Ulaya, na sahani za Blue Note alizopewa alizibadilisha dukani kwa sahani za muziki huo.

Jambo hili limezusha mabishano makali. Kuna mashabiki ambao likitajwa wanakasirika kabisa. Wanauliza: inawezekanaje mtu asiyeupenda muziki aupe sura inayoufaa kiasi hiki? Wengine wanajibu kwamba Lion alimweleza kila rekodi ilikuwa na hali gani, na Miles alifanyia kazi maelezo hayo. Hilo ni kweli, lakini kwangu halitoshi. Nadhani kutoupenda kwake kulimsaidia. Wolff aliwapenda wanamuziki wale, na mwenye mapenzi hataki kupoteza hata ncha ya kidole cha mpenzi wake. Miles alikuwa na mkasi. Alikata picha katikati ya paji la uso, alibakiza mkono na mdomo wa ala, alipunguza mtu mzima akawa mraba mdogo pembeni, na Wolff aliudhika kuona nyuso alizozingoja kwa subira zikikatwa hivyo. Kama kazi angepewa Wolff peke yake, tungekuwa na albamu ya picha za heshima. Kama angekuwa Miles peke yake, tungekuwa na michezo ya herufi yenye akili isiyo na damu. Makava haya yalizaliwa na mapenzi ya mmoja na ukali wa mwingine, na ugomvi wao ulikuwa sehemu ya kazi.

Chukua “Blue Train” ya John Coltrane, iliyorekodiwa tarehe 15 Septemba 1957 Hackensack, Lee Morgan mwenye umri wa miaka 19 akipiga tarumbeta. Coltrane ameinamisha kichwa, vidole karibu na mdomo, na kava zima limelowa buluu. Hapulizi wala haoneshi ustadi wake, anafikiri. Jina lake na jina la rekodi yamewekwa juu kwa herufi zisizopiga kelele. Rangi ni moja na mtu ni mmoja, na ukishaliona kava hilo huwezi kuusikia muziki ule kwa rangi nyingine.

Kisha angalia upande wa pili wa Miles. Katika “It’s Time!” ya Jackie McLean, iliyorekodiwa mwaka 1964, alama za mshangao zimejaa kava zima, na mwanamuziki amebaki kijipicha kidogo. Katika “Hub-Tones” ya Freddie Hubbard, ya mwaka 1962, milia myeusi imesimama sambamba na mmoja umeteremka chini kuwapita wenzake. Mtu yeyote aliyewahi kuona kinanda anaelewa kwamba kidole kimegusa hapo. Herufi kwa Miles hazikuwa maelezo ya kubandikwa juu ya picha baada ya kazi kwisha. Mwanamke wa pwani anajua hili bila kufundishwa, kwa kuwa kanga haikamiliki kwa pindo na mji tu; jina lake lina mahali pake, na likikosewa mahali kanga nzima inapoteza usemi. Miles alifikiri hivyo kuhusu kila neno, hata majina ya wapigaji wa pembeni aliyoyapanga katika mistari midogo.

Kava ninalolipenda kuliko yote ni la “Out to Lunch!” ya Eric Dolphy, iliyorekodiwa Februari 1964. Safari hii picha aliipiga Miles mwenyewe: kibao cha mlangoni kinachowaambia wateja kwamba mwenye duka atarudi, chenye sura ya saa, na juu yake mishale mingi kuliko saa yoyote, kila mmoja ukielekea kwake. Ni kama ndivyo muziki wenyewe ulivyo, kila ala na wakati wake, na bado wote wako pamoja. Dolphy alikwenda Ulaya mwaka huo, na tarehe 29 Juni akafia Berlin, mji ambao Lion na Wolff walikuwa wameuacha. Alikuwa na umri wa miaka 36. Sahani ilifika madukani yeye akiwa ameshazikwa. Miles hakujua lolote kati ya hayo alipokipiga picha kibao kile, lakini tangu hapo hakuna anayeweza kukisoma bila kumkumbuka.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna sababu zetu za kuzipitia kurasa hizi. Kwenye “Song for My Father” ya Horace Silver aliyekaa mbele ya kamera ni baba mzazi wa Silver, mhamiaji kutoka visiwa vya Cape Verde, na kofia yake kichwani; sijui heshima kubwa zaidi ambayo mwana angempa baba kuliko kumwachia kava lake. “Search for the New Land” ya Lee Morgan, iliyorekodiwa Februari 1964, miezi miwili baada ya Kenya kupata uhuru, ina wimbo unaoitwa “Mr. Kenyatta”, na piano inapigwa na Herbie Hancock, ambaye miaka michache baadaye alijipa jina la Mwandishi. McCoy Tyner naye aliirekodia lebo hiyo hiyo “Asante” mwaka 1970. Watu wale walikuwa wakitutazama.

Nirudi kwa malalamiko ya mashabiki, kwa sababu mengine yana haki. Wanaolalamikia ukubwa wako sahihi: kava la sahani lina upana wa kama sentimita 31, na Miles alipanga kila kitu kwa kipimo hicho. Likipunguzwa ili manne yatoshe ukurasa mmoja, majina ya wanamuziki yanageuka vumbi na uwazi alioacha kwa makusudi unaonekana kama umesahaulika. Wanaodai kwamba sifa zote anapewa Miles nao wako sahihi. Kabla yake palikuwa na Paul Bacon, ambaye baadaye alitengeneza jalada la riwaya “Catch-22”, na John Hermansader, na Mellé mwenyewe. Kijana Andy Warhol naye alimchorea Kenny Burrell makava. Miles hakuanzia patupu. Lakini wale wanaosononeka kwamba vitabu vinang’ang’ania miaka ya 1950 na 1960 siwaungi mkono. Lion alistaafu mwaka 1967 baada ya lebo kuuzwa kwa kampuni ya Liberty, Miles akaondoka, Wolff akafariki mwaka 1971. Lebo ilifufuliwa mwaka 1985 na imetoa muziki mzuri tangu hapo, ila ufundi ninaousifu ulikuwa wa watu wale katika miaka ile.

Lalamiko zito kuliko yote ni kwamba kitabu kinalitenga kava na sahani yake. Nalikubali bila ubishi. Dawa ni kukisoma muziki ukiwa unalia.

Lakini tungemjuaje Miles, na tungemtofautishaje na Hermansader, kama lebo ingenyamaza? Nyuma ya makava hayo, chini ya orodha ya nyimbo, yamechapwa majina: aliyepiga picha ni Francis Wolff, aliyesanifu kava ni Reid Miles, aliyerekodi ni Rudy Van Gelder. Van Gelder alikwenda mbali zaidi, akachora herufi RVG kwenye plastiki yenyewe karibu na lebo ya katikati, na wakusanyaji mpaka leo huinamisha sahani kwenye mwanga kuzitafuta. Nawaomba wanaotoa muziki katika Afrika Mashariki leo, wa taarabu, wa dansi, wa kizazi kipya, wafanye hivyo hivyo. Aliyepiga picha, aliyepanga herufi na aliyerekodi waandikwe kwa majina yao kamili, kila wimbo unapotoka, popote unapotoka. Gharama yake ni mstari mmoja.