Dume Lenye Kito Cheupe

Mchezaji wa Hearthstone, mchezo wa karata wa kidijitali, anapofungua pakiti yenye karata tano, macho hukimbilia kwenye kile kito kidogo kilicho katikati ya karata. Cheupe ni cha karata za kawaida, cha buluu ni cha adimu, cha zambarau ni cha zile adimu zaidi, na cha rangi ya chungwa ni cha magwiji. Naijua furaha ya kuliona chungwa. Hata hivyo, kito hakikuambii kama umelamba dume au garasa. Kinakuambia bei: ukitaka kujitengenezea karata ya kawaida utatoa 40 za vumbi, sarafu ya kutengenezea karata, na gwiji utatoa 1,600.

Nguvu ina hesabu yake. Kila mpiganaji ana gharama ya mana, yaani nguvu unayolipa kumshusha, pamoja na shambulio na uhai. Zidisha gharama mara mbili, ongeza moja. Shambulio na uhai vikijumlishwa vikafika hapo, karata imejilipa. Chillwind Yeti, karata ya bure, hugharimu mana 4 na ana shambulio 4 na uhai 5. Tisa kamili. War Golem, naye wa bure, hugharimu mana 7 na ana 7 kwa 7, yaani kumi na nne pale palipotakiwa kumi na tano.

Mtazame sasa Dr. Boom, gwiji aliyeingia Desemba 2014 na toleo la Goblins vs Gnomes. Mana 7, shambulio 7, uhai 7: ni War Golem yuleyule, ila anashuka na vijiroboti viwili vya 1 kwa 1. Jumla imeshafika kumi na nane. Kila kijiroboti kikifa hulipuka na kumjeruhi adui yeyote kwa pointi 1 hadi 4, hivyo viwili huleta wastani wa pointi 5. Hapo kito cha chungwa kilisema kweli, na kwangu hilo ndilo kosa la wabunifu. Gwiji mzuri hukulazimisha upange bunda zima kwa ajili yake. Dr. Boom hakudai chochote, na kila mwenye naye alimtia tu.

Lakini bunda lina karata 30, na gwiji huruhusiwa nakala moja wakati nyingine huruhusiwa mbili. Anayeanza mchezo, akifika zamu ya saba, ameshaona karata kumi, bila kuhesabu alizobadilisha mwanzoni. Uwezekano wa kuwa na Dr. Boom ni asilimia 33. Angeruhusiwa nakala mbili, ungekuwa asilimia 56. Uadimu, basi, huipunguzia karata nafasi ya kufika mkononi, na mizani ya nguvu isiyopima hilo haijakamilika.

Ndiyo maana karata iliyonitisha zaidi enzi zile ilikuwa na kito cheupe. Undertaker alikuja na Curse of Naxxramas mwaka 2014: mana 1, shambulio 1, uhai 2. Kwa kanuni yetu ni tatu kamili, wala huoni hatari. Ila kila uliposhusha mwenzake mwenye athari inayoamka anapokufa, Undertaker aliongezeka 1 kwa 1. Wakishuka watatu, amekuwa 4 kwa 5: Yeti aliyenunuliwa kwa mana 1. Na kwa kuwa nakala ni mbili, uwezekano wa kumpata zamu ya kwanza ulikuwa asilimia 25, badala ya 13 ambayo gwiji angekuwa nayo.

Marekebisho ya Januari 2015 yalilenga palepale: aongezeke shambulio tu. Watatu walewale sasa humfikisha 4 kwa 2, na pigo dogo linamwondoa.

Marekebisho mengine yaligusa gharama pekee: Fiery War Axe, silaha ya bure ya shambulio 3 inayopiga mara mbili, ilitamba hadi Septemba 2017, ilipopandishwa kutoka mana 2 hadi 3. Shambulio halikuguswa, mapigo yalibaki mawili, na kila mchezaji aliendelea kuipata bila kutoa hata chembe ya vumbi.