Fungu, Kipwa na Kivuko: Maji Mafupi Kutoka Pwani Hadi Bijombo

Neno la Kiingereza "shoal" lina maana mbili: mahali penye maji mafupi, na kundi la samaki. Ni rahisi kudhani kuwa maana ya pili ilizaliwa na ya kwanza, kwa vile samaki wadogo huonekana karibu na ukingo. Historia ya neno haiungi mkono dhana hiyo. Maana ya maji mafupi inatokana na "sceald" ya Kiingereza cha Kale, yenye ukoo mmoja na "shallow". Ile ya samaki inahusishwa na neno jingine, lenye maana ya kikosi. Haya basi ni maneno mawili yaliyokutana katika sauti moja.

Katika mapokeo ya kamusi yaliyopitia kwa A. C. Madan na Frederick Johnson, "fungu" limelinganishwa na "shoal". Ulinganisho huo una ukweli, lakini unaficha jambo. Fungu Yasini, karibu na Dar es Salaam, ni lundo la mchanga baharini. Fungu la samaki ni lundo lililopangwa sokoni kwa kuuzwa. Hapa maana zote mbili zina taswira moja, yaani kitu kilichokusanyika. Samaki walio hai majini si fungu bali ni kundi. Kamusi isiyotenganisha mambo haya humfanya mwanafunzi awavue samaki kabla hawajavuliwa.

"Kipwa" lina tatizo jingine. Limejengwa juu ya kitenzi "kupwa", nalo hutaja mwamba au mchanga unaojitokeza bahari inapopwa. Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia mita 1,470, halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Mchanga unaorundikwa na Mto Rusizi kaskazini mwa ziwa haufunuliwi na kufunikwa kila siku. Waweza kuitwa fungu bila kupotosha chochote, lakini kuuita kipwa ni kuupelekea bahari isiyokuwapo.

Juu ya Uvira, katika milima ya Bijombo, hata fungu halina kazi kubwa. (Mtu asikimbilie kulihusisha jina hili na "vyombo" kwa sababu tu sauti zinakaribiana; kisa cha "shoal" kinatosha kuwa onyo.) Anayeteremka kwa miguu au kuswaga ng'ombe hutafuta mahali ambapo mto unapitika. Kiswahili Sanifu humpa "kivuko", kutokana na "kuvuka". Neno hilo, hata hivyo, limekaa kimya kuhusu kina. Kigamboni kivuko ni pantoni, na kinaelea kwenye maji marefu.

Kasoro hii si ya kitaaluma tu. Mnamo Aprili 2020 Mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira na kuua makumi ya watu. Tangazo la tahadhari likisema "kivuko kimefungwa", msomaji wa Kigamboni ataelewa kuwa pantoni haisafiri. Wa Bijombo, ambaye hana pantoni, huenda asielewe kuwa mto umejaa. Hapo hapana budi mfasiri aache ufupi wa kamusi, aandike waziwazi: mahali pa kuvukia mto kwa miguu, na maji yamezidi.