Jukwaa la Wageni Mjini Saigon

Wako wahakiki ambao, waelezapo chanzo cha tamthilia ya kisasa katika nchi zilizotawaliwa, huanzia mlangoni mwa jumba lililojengwa na mtawala. Hoja hiyo yafaa kupimwa kwa mfano wa Saigon, mji wa bandari kusini mwa Vietnam uliotekwa na Wafaransa mwaka 1859, na ambao leo huitwa Ho Chi Minh.

Jumba la maonyesho la manispaa lilifunguliwa huko mwaka 1900, kwa mchoro wa Eugène Ferret. Waigizaji na waimbaji waliletwa kwa meli kutoka Ufaransa, msimu baada ya msimu, wakisaidiwa na ruzuku ya fedha za umma. Walicheza opera na vichekesho kwa Kifaransa mbele ya hadhira ambayo hasa ilikuwa ya maofisa, wanajeshi na wafanyabiashara wa Kizungu. Hivyo wazalendo wengi waliotozwa kodi waligharimia jukwaa ambalo lugha yake hawakuijua.

Je, jukwaa hilo halikuacha athari yoyote? Liliacha, lakini tusiikuze. Katika miaka ya 1910 na 1920 ilizuka kusini mwa nchi hiyo sanaa iitwayo cải lương, yaani kurekebisha na kuboresha. Kwa Wafaransa iliazima mgawanyo wa mchezo katika sehemu, mandhari ya kuchorwa, na hata visa vichache. Hayo ni mambo ya fani ya nje. Roho yake ilitoka katika đờn ca tài tử, muziki uliopigwa majumbani mwa watu wa delta ya Mekong, na katika hát bội, tamthilia yao ya jadi ya kuimbwa.

Ushahidi ni wimbo "Dạ cổ hoài lang", uliotungwa na Cao Văn Lầu wa Bạc Liêu karibu na mwaka 1919. Wasanii waliurefusha hatua kwa hatua, mapigo ya kila mstari yakaongezeka kutoka 2 hadi kufikia 32, ukawa vọng cổ, uti wa mgongo wa cải lương. Ufundi huo haukushuka melini.

Tukiandika historia ya tamthilia kwa kufuata majengo na ruzuku, tutawahesabu waliolipwa na kuwasahau waliobuni. Mtafiti wa tamthilia, ya Kiswahili pia, hana budi kuuliza kwanza: mchezo ulisemwa kwa lugha ya nani, na nani aliyeuelewa?