Namna Robert E. Howard Alivyomuunda Conan

Robert E. Howard alizaliwa tarehe 22 Januari 1906 huko Peaster, jimbo la Texas, Marekani. Tangu mwaka 1919 hadi kufa kwake aliishi Cross Plains, mji mdogo wa wakulima na wafugaji ambao miaka ya 1920 ulivamiwa na watafuta mafuta na kila aina ya watu waliowafuata. Baba yake, Isaac, alikuwa daktari. Mama yake, Hester, aliugua kifua kikuu kwa miaka mingi. Katika nyumba yao ndimo Howard alimotunga mamia ya hadithi na mashairi, na mwaka 1932 akamzaa Conan wa Cimmeria, mshenzi mwenye upanga ambaye leo anajulikana hata kwa wasiowahi kulisikia jina la mwandishi wake. Howard alipenda kusimulia kwamba Conan alimtokea tu, mzimamzima, bila kuitwa. Miswada yake inasema vingine. Conan ni kazi ya fundi aliyelijua soko lake na asiyetupa hata kipande cha ubao kilichobaki.

Soko lenyewe lilikuwa la majarida ya hadithi yaliyochapwa kwa karatasi duni na kuuzwa kwa senti chache. Weird Tales, jarida la mambo ya ajabu na ya kutisha lililoanzishwa mwaka 1923, liliuzwa kwa senti 25. Ndilo lililonunua hadithi ya kwanza ya Howard, "Spear and Fang", mwaka 1924, wakati huo akiwa na umri wa miaka 18. Ilitoka Julai 1925 na kumpatia dola 16. Malipo yalihesabiwa kwa neno, nusu senti mwanzoni, na zaidi jina lilipokua. Tatizo ni kwamba Weird Tales lililipa baada ya kuchapisha, si baada ya kuikubali hadithi, na miaka ya mdororo wa uchumi ilipofika hata baada ya kuchapisha halikulipa kwa wakati. Mei 1935 Howard alimwandikia mhariri, Farnsworth Wright, akimkumbusha deni lililopita dola 800, huku gharama za matibabu ya mama yake zikizidi kumwelemea. Kwa hiyo hakutegemea jarida moja. Aliandika visa vya ndondi kwa Fight Stories, vichekesho vya wachunga ng'ombe kwa Action Stories, na visa vya vita vya msalaba kwa Oriental Stories.

Mwandishi anayelipwa kwa neno hawezi kukubali hadithi iliyokataliwa ikae sandukuni, na hapo ndipo Conan alipoanzia. Kabla yake kulikuwa na Kull, mtu wa Atlantis aliyekuwa mfalme wa Valusia, aliyejitokeza katika "The Shadow Kingdom" mwaka 1929. Hadithi nyingine ya Kull, "By This Axe I Rule!", haikupata mnunuzi. Ndani yake wapo wala njama wanaotaka kumuua mfalme, na upo mkasa wa mapenzi kati ya kijana wa ukoo bora na mjakazi, ambao sheria ya kale inawakataza kuoana. Mwisho mfalme, akiwa ametapakaa damu, analivunja kwa shoka bamba la mawe lililochongwa sheria hiyo. Hakuna jini wala mchawi katika kisa hicho. Kwa jarida la mambo ya ajabu, hilo lilikuwa pengo kubwa.

Mwaka 1932 Howard aliifumua hadithi hiyo na kuishona upya. Mapenzi yote yakatolewa, na bamba la sheria nalo likaenda. Njama zikabaki karibu kama zilivyokuwa, hata baadhi ya majina ya wala njama. Katika nafasi iliyoachwa wazi aliingiza Thoth-Amon, mchawi wa Stygia aliyepoteza pete yake ya nguvu na kugeuzwa mtumwa wa kiongozi wa njama. Pete inaporudi mkononi mwake, anatuma zimwi limuue bwana wake. Mfalme naye, ambaye sasa ni Conan wa Aquilonia, anatokewa ndotoni na mzee wa hekima aliyekufa zamani, anayemchorea alama kwenye upanga. Ukitazama kwa jicho la fundi, mabadiliko haya ni ya akili sana. Mchawi hakupachikwa pembeni kama pambo: ana kinyongo chake, na kinyongo hicho ndicho kinachoipasua njama kutoka ndani. Wright hakuikubali mara moja. Aliirudisha ifanyiwe marekebisho, kisha akaitoa Desemba 1932 kwa jina la "The Phoenix on the Sword".

Hadithi ya pili ya Conan aliyompelekea, "The Frost-Giant's Daughter", Wright aliikataa kabisa. Howard alimpa shujaa jina jingine, Amra, akaitoa katika gazeti la mashabiki mwaka 1934.

Uamuzi mkubwa zaidi ulihusu mahali. Howard alipenda historia kuliko kitu chochote, lakini hadithi ya kihistoria inadai utafiti, na Cross Plains haikuwa na maktaba ya kumtosheleza. Saa moja ya kutafuta namna ya mavazi ya karne fulani ni saa isiyolipwa. Suluhisho lake lilikuwa kutunga enzi nzima, Enzi ya Hyboria, iliyowekwa kati ya kuzama kwa Atlantis na mwanzo wa historia inayojulikana, na kuiandikia insha ndefu ya kumwongoza yeye mwenyewe. Nchi zake ni historia iliyovalishwa kanzu nyingine. Stygia ni Misri, Vendhya ni Bara Hindi, Khitai ni China, Turan ni dola la Waturuki. Msomaji akisikia Stygia anaona mara moja mahekalu, nyoka na makuhani walionyoa vichwa. Kazi ya maelezo ya kurasa mbili inafanywa na jina moja. Na hakuna mwanahistoria awezaye kuandika barua ya kulalamika kwamba silaha fulani haikuwapo.

H. P. Lovecraft, aliyeandikiana barua na Howard tangu 1930, hakuupenda utaratibu huu wa majina. Kwake yalifanana mno na ya historia ya kweli na kumchanganya msomaji. Kwa kazi ya lugha Lovecraft alikuwa na hoja. Kwa kazi ya hadithi fupi inayopaswa kuwaka ndani ya ukurasa wa kwanza, Howard ndiye aliyeshinda.

Mbinu zake za usimulizi zinaonekana vizuri katika "The Tower of the Elephant", iliyotoka Machi 1933. Conan hapa ni kijana mwizi, mgeni katika mji mmoja wa nchi ya Zamora. Hadithi inafunguka ndani ya kilabu cha pombe, ambako mtu mmoja mwenye majivuno anamdhihaki kwa kuuliza habari za mnara wa kito cha thamani. Ugomvi unazuka, taa inazimika, na Howard hasimulii pigo hata moja. Taa inapowashwa tena, mwenye majivuno amelala maiti na kijana hayupo. Mwandishi aliyelipwa kwa neno aliacha kuandika pambano zima, kwa sababu alijua kwamba giza lingemtukuza Conan kuliko aya tatu za mapanga.

Baadaye, bustanini mwa mnara, Conan anakutana na mwizi bingwa, Taurus, na kwa muda hadithi inafuata njia iliyozoeleka: simba wanaangamizwa kwa unga wa sumu, kamba inarushwa, wawili wanapanda. Taurus anatangulia kuingia chumbani, anatoka akipepesuka, anakufa bila kusema neno. Chumba kina buibui mkubwa kama nguruwe. Baada ya vita hivyo msomaji anatazamia zimwi jingine kubwa zaidi, na kweli linatokea umbo lenye kichwa cha tembo. Lakini umbo hilo ni kipofu, limeteswa na mchawi kwa miaka mingi, na linalia. Mshenzi aliyekuja kuiba anaona aibu, ingawa si yeye aliyetenda uovu huo. Anafanya analoombwa, mchawi anaangamia, mnara unaporomoka, na Conan anaondoka mikono mitupu. Katika kurasa chache hadithi ya wizi imegeuzwa kuwa hadithi ya huruma, bila shujaa kutoa hotuba yoyote.

Sentensi zenyewe zilijaribiwa kwa sikio. Wenyeji wa Cross Plains walisimulia kwamba Howard alikuwa akizitamka kwa sauti huku akipiga taipureta, na kwa kuwa alikuwa mshairi kwanza, mapigo ya vitenzi vyake yana mwendo wa kukaririwa.

Ustadi huo haukufika kila mahali. Mabaharia weusi wa "Queen of the Black Coast", ya mwaka 1934, wengi hawana jina wala historia. Wapo ili wafe. Howard hakuwahi kufika Afrika, na alibeba ubaguzi wa Texas ya enzi yake. Alipotaka, alijua kufanya vizuri zaidi: katika "The Hills of the Dead", ya 1930, mganga N'Longa ndiye mwenye elimu, na shujaa Mwingereza Solomon Kane ndiye anayemtegemea. Kazi bora zaidi ilitoka pale alipotumia ardhi aliyoijua. "Beyond the Black River", ya 1935, ni mpaka wa Texas na walowezi wake uliohamishiwa Hyboria, na ndani yake kijana mlowezi na mbwa wake wanakufa wakiwakinga wengine wasishambuliwe.

Visa havikutoka kwa mfuatano wa umri. Conan ni mfalme katika kisa cha kwanza, mwizi katika cha tatu kuchapishwa, baadaye haramia, askari wa kukodiwa, mfalme tena. Howard alieleza kwamba mtu aliyeishi maisha ya misukosuko hasimulii mambo yake kwa mpangilio. Kulikuwa na faida ya biashara pia: mnunuzi wa toleo lolote aliweza kuanza hapo hapo bila kuhitaji matoleo yaliyopita.

Tarehe 11 Juni 1936, mama yake akiwa amezirai bila tumaini la kupona, Howard alijiua. Alikuwa na umri wa miaka 30. Mama alifariki siku iliyofuata. Weird Tales likamalizia "Red Nails", hadithi yake ya mwisho ya Conan, mwezi Oktoba.

Waliomrithi waliivuruga kazi hiyo kwa kuipanga. L. Sprague de Camp, miaka ya 1950, alichukua hadithi nne za Howard zisizo za Conan akazigeuza kuwa za Conan, kisha yeye na Lin Carter wakajaza mapengo ya wasifu kwa visa vyao wenyewe. Matoleo ya karatasi laini yaliyoanza 1966, yenye majalada ya mchoraji Frank Frazetta, yaliuzwa sana, lakini yalimfuata Conan kutoka ujana hadi uzee kama mtu aliyeandikiwa wasifu. Ni kuanzia mwaka 2003 ambapo toleo la juzuu tatu la Marekani liliwafikishia wasomaji wa kawaida visa vyote vya Howard kama alivyoviacha, vikifuatana kwa utaratibu aliovitunga, mfalme akitangulia mbele ya mwizi.