Nyuga za Mtumiaji katika Hifadhidata ya Kamusi: Uhakiki kutoka Mpaka wa Rusizi

Makala haya yanahakiki namna hifadhidata za kileksika zinavyopokea nyuga zinazobuniwa na watafiti wenyewe. Hoja kuu ni kwamba uga usiotafutika hauna faida zaidi ya maandishi ya pembezoni mwa daftari.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu (TUKI, 1981) hupanga vitomeo kwa vipengele vilivyoamuliwa mapema. Utaratibu huo hautoshi Rusizi, ambako mto unaitenga Kamembe na Bukavu. Neno makala, ambalo msomaji wa Dar es Salaam hulielewa kuwa andiko, upande wa Bukavu humaanisha mkaa. Kisamvu huitwa sombe, nacho Kinyarwanda kina isombe. Mtafiti wa hapa anahitaji uga wa lugha jirani, wa ng'ambo ya mto, na wa mahali neno liliposikika. Mbunifu aliye mbali hawezi kuyatabiri mahitaji hayo.

Masuluhisho matatu hutumika. La kwanza, safu za akiba zisizo na jina, ni dhaifu: humalizika, na safu moja hubeba maana tofauti katika kila mradi. La pili ni jedwali la sifa na thamani, ambamo kila taarifa huwa na mstari wake. Nyuga hazina kikomo, lakini swali lenye masharti matatu hulilazimu jedwali kujiunganisha lenyewe kwa lenyewe, na mara nyingi tarehe na namba huhifadhiwa kama maneno. La tatu ni safu ya aina ya jsonb, iliyoingia katika PostgreSQL 9.4 mwaka 2014. Faharasa yake ya GIN hujibu upesi maswali ya ulinganifu, ila haifai kwa masafa ya tarehe.

Hata hivyo, hakuna suluhisho kati ya hayo linalozuia mtafiti mmoja kuandika "asili", mwingine "chanzo", na utafutaji ukaleta nusu ya data. Programu ya FieldWorks huuliza aina ya uga kabla ya kuuunda. Hilo ni jema, lakini uga huo hubaki ndani ya mradi mmoja.

Tunapendekeza thamani ziwekwe katika jsonb, tarehe na mahali vipewe safu za kawaida, na pawepo rejesta ya pamoja inayotaja jina, aina na ufafanuzi wa kila uga. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017. Pasipo rejesta hiyo, msamiati wa mpakani utakusanywa bila kuonekana katika kamusi zijazo.